Shingo ya Fahali

Sikukuu ya Petro, somo wa kigango chetu.
Fahali kafungwa kwenye nguzo ya goli, uwanja wa shule,
anatafuna majani ya viazi kama mgeni rasmi
asiyejua hotuba ni ya nini.

Mimi ndiye mwenyekiti wa chakula.
Nina sufuria kumi na moja, tisa za kuazima,
muhogo wa Bituro, mtama wa watu wa mlimani,
dagaa debe mbili,
na kuni zinazotoa moshi kuliko moto, maana Mugeta
alizikata jana akaapa ni za mwezi uliopita.

Kila kitu kipo. Mchinjaji hayupo.

Miaka ishirini na miwili Mzee Hamduni
alishuka kutoka dukani kwake kabla ya jua,
kanzu kaikunja, kisu ndani ya gazeti,
mpini umeviringwa uzi wa nyavu.
Alichinja yeye ili tule sote:
wa msikiti mdogo wa bati, wa kanisa, wa Sabato,
na wale wanaolinong'oneza ziwa,
wakimwaga togwa kidogo kabla ya kushusha nyavu.
Hakuhubiri. Alisema, "Mama, maji ya moto,"
akapokea shingo, fungu lake, akaenda zake.

Mwishoni mwa Machi tulimzika.
Vijana wa kwaya walipokezana jeneza,
wakanyamaza njia nzima,
jambo wasiloliweza hata kwenye misa.
Nani, siku ile, angeikumbuka Juni?

Saa nne. Misa imekwisha.
Padre anazizunguka sufuria, anafunua, anafunika.
Katekista Mazigo anasema, "Nipeni mimi panga."
Nikamwambia, "Ukichinja wewe, nusu ya kisiwa itakula dagaa
na nusu nyingine itakula aibu."
Akakaa.

Saa saba injini ikasikika upande wa Bugolora.
Ni Twalibu, mwana wa marehemu,
muuza kava za simu, Makoroboi, Mwanza mjini.
Viatu vyeupe kavishika mkononi,
ziwa limemlowesha mpaka magotini.
Mama yake, aliye edani, alimpigia usiku,
na kisu akakituma kwa mjukuu.

Twalibu hajawahi kuchinja kitu kikubwa kuliko jogoo.
Alikifungua kisu, akaushika ule uzi,
akakaa nao kidogo.
Wanaume sita wamemlaza fahali, kichwa kibla.
Yule mjukuu akamvuta shati:
"Babu alikuwa anasimama hapa."
Akasimama hapo.

Bismillahi.

Katekista alivua kofia. Sijui kama alijua amevua.

Tulikula saa kumi na moja, watu kumi kila sinia.
Ugali ulinuka moshi wa Mugeta, nyama ilikataa meno,
mchuzi ulitosha kwa kuwa niliongeza maji,
na asiniulize mtu mara ngapi.
Anayedai nyavu zake kwa mwenziwe
alimsogezea mfupa wenye uboho.
Kesho watadaiana.

Nilifunga shingo kwa jani la mgomba, nikampa Twalibu.
"Ya nini hii?"
"Ilikuwa ya baba yako."
"Mama, mimi nina chumba kimoja. Jiko langu ni heta."
Akaifungua palepale, akairudisha sufuriani,
akaketi na kwaya mpaka ikaiva,
na boti ya mwisho ikamwacha akilamba vidole.

Akauliza mwakani sikukuu ni tarehe ngapi.
"Ileile," nikasema. "Petro hahamihami."
Akaiandika kwenye simu.

Kisu hakukichukua. Alisema kikae karibu na sufuria.
Kiko sandukuni kwangu, katikati ya vitenge,
juu ya kitambaa cha altare,
ndani ya gazeti lilelile la zamani.

Mara mojamoja nakipaka mafuta.